Siku Trekta Lilipopeleka Posa

Dada Mkubwa hakuwa mtu wa kurudia neno. Alilisema mara moja tu, wakati wa chai ya asubuhi, huku akipangusa meza kwa nguvu kana kwamba trekta lenyewe ni doa: "Likiyakata malisho yale yote kabla Chumachuma hajaja Jumamosi, litabaki. Lisipoyamaliza, linakwenda."

Chumachuma alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Alizunguka na lori, minyororo na mizani, na alikuwa na macho ya kupima. Akikutazama sana unaanza kujiuliza una kilo ngapi. Wiki iliyopita alikuwa amelizunguka trekta lile, akaligonga ubavuni kwa kifundo cha kidole, halafu akatikisa kichwa kwa huruma ya mtu ambaye ameshajua bei.

Aliyekuwa akiambiwa maneno hayo ni kitinda mimba wa nyumba ile, dereva, ambaye kila mtu alimwita Taratibu. Jina alilipata kwa mwendo wake. Barabarani ng'ombe walimpita, na wengine waligeuka kumtazama. Trekta lilikuwa la marehemu baba yao. Taratibu alifundishwa kuliendesha kabla hajafundishwa kunyoa ndevu, na alipofika umri ambao wenzake walikuwa na wake na watoto, yeye alikuwa na trekta. Alilipenda. Tuseme wazi, maana kuna watu huona haya kukiri kwamba binadamu anaweza kupenda chuma: alilipenda, na wazo la kulitazama likikatwa vipande lilimnyima hamu ya ile chai.

Sasa hayo malisho. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri, na nyasi nyuma ya nyumba zilikua, zikapita kimo cha heshima, zikawa vijiti. Ng'ombe wa Dada Mkubwa waliingia, wakanusa, wakatoka, wakajipanga getini kama wateja waliouziwa mbovu. Zilitakiwa kukatwa ili zichipue upya. Kuzikata kwa fyekeo la mkono kungewafikisha uzeeni, wao na ng'ombe. Kilichohitajika ni ile mashine ya kufyekea inayofungwa nyuma ya trekta, yenye visu vinavyozunguka chini ya bati pana kama feni iliyopinduliwa. Nao hawakuwa nayo.

Mama Maziwa alikuwa nayo. Huyu alikuwa jirani yao, mjane, muuza maziwa, mwanamke mwenye sauti ndogo na msimamo mkubwa. Alikuwa amenunua mashine ya kufyekea ilhali trekta la kuivuta hana, akitumaini kwamba kimoja kikitangulia kingine kitafuata. Watu walisema kanunua kofia akisubiri kichwa. Yeye aliwaacha waseme, na kila asubuhi aliipangusa mashine yake vumbi.

Taratibu na dada yake walimkuta bandani. Aliinua turubai pembeni kidogo, nao wakachungulia. Mashine ilikuwa nyekundu, haina mkwaruzo hata mmoja.

"Nitawaazima," alisema Mama Maziwa, "na nyie mtanikatia malisho yangu mkimaliza yenu. Ila haitoki humu kabla ya kuoanishwa. Muuzaji alinisisitiza sana. Aliniambia, mama, hii usiifunge kwenye trekta lolote kabla hujaoanisha. Ikija kuvunjika na haikuoanishwa, usinirudie."

Taratibu alijua maana yake. Kuoanisha ni kulinganisha nguvu za trekta na ukubwa wa mashine, moja isiizidi nyingine. Alifungua mdomo aseme. Lakini kwa Dada Mkubwa neno lilikuwa limeshafika, limekaribishwa na limekaa.

"Kuoanishwa," alisema polepole. "Yaani waoane."

"Mimi ni muuza maziwa, jirani yangu. Nimekuambia nilivyoambiwa. Lakini si ndilo hilohilo?"

"Basi mambo hayo yana taratibu zake," alisema Dada Mkubwa, akaiweka khanga yake sawa. "Hatuwezi kuja hivihivi kama wezi."

Hivyo ndivyo kosa lilivyozaliwa, tena mikononi mwa wanawake wawili wenye heshima zao, kwa hiyo likalelewa vizuri.

Mtu atauliza, na huyo Taratibu je, mbona hakusema? Alinyamaza kwa makusudi. Kuoanisha kwa kweli kungemaanisha mtu aulize trekta lina nguvu za farasi wangapi, na hilo ndilo swali ambalo alikuwa akilikimbia. Harusi, kwa jinsi alivyoziona za wengine, haiulizi farasi. Inauliza viti vitatosha au havitatosha. Akafunga mdomo, akajiambia kwamba heri nusu shari kuliko shari kamili.

Dada Mkubwa alikwenda moja kwa moja kwa Karani. Mzee huyu alistaafu ofisini na maneno yake yote yakiwa hayajatumika, na tangu hapo alikuwa mshenga wa mtaa mzima. Alisikiliza kisa hadi mwisho bila kucheka, maana alikuwa mtu wa kuheshimu lugha kuliko akili.

"Oa," alisema, akiinua kidole. "Oana. Oanisha. Shina ni moja, mama. Huwezi kukalia tawi ukaukana mti. Mwanamume ni nani?"

"Trekta," alisema Dada Mkubwa. "Linakwenda mbele na lina moshi."

Karani alikubali kwamba hoja ilikuwa nzito. Kisha akatoa sharti lake: yeye hajawahi kuposea kitu, na hataanza uzeeni. Kama ni posa, basi trekta lingetajwa kama mtu. Si "lina", bali "ana". Si "lile", bali "yule". Dada Mkubwa, ambaye miaka yote aliliita "ule mkweche", alimeza mate akakubali. Tangu hapo trekta lilihama ngeli bila kusogea hatua moja pale uani.

Alhamisi jioni walikaa sebuleni kwa Mama Maziwa. Makochi yalikuwa yamefunikwa vitambaa vyeupe vilivyoshonwa kwa mkono, na madebe ya maziwa yaliyooshwa yamepangwa mlangoni kama wageni waliowahi kufika. Karani alivaa koti. Dada Mkubwa alivaa nguo yake ya harusini, khanga begani. Taratibu aliketi ukingoni mwa kochi, na kupitia dirishani aliweza kumwona bwana harusi nje, amesimama, anavuja oili kidogo kidogo.

Karani alianza mbali, kama wanavyoanza wote. Alisema wamepita njiani wakaona ua. Alisema mgeni njoo mwenyeji apone. Alisema nyumbani kwao kuna kijana, hapo akakohoa kidogo, kuna mtu mzima, anayetafuta mwenzake wa kusaidiana naye kazi za shamba.

Mama Maziwa alikunja mikono mapajani. "Tumesikia. Sisi mtoto wetu hajatoka nje tangu aletwe. Kwa hiyo tutauliza. Huyo mtu mzima anakunywa?"

"Dizeli tu," alisema Karani. "Na kwa kipimo."

"Anavuta?"

"Ndiyo kazi yake. Anavuta tela, anavuta magogo, hata gari lililokwama anavuta."

"Nauliza moshi, mzee."

"Moshi upo," alisema Karani baada ya kuwaza. "Lakini anautolea nje."

Mama Maziwa aliridhika na jibu hilo. Akamgeukia Dada Mkubwa. "Basi nisikie kwa ndugu. Mshenga hulipwa shukrani, atasema lolote. Wewe ndiye unayelala naye ua mmoja. Ni mtu wa namna gani?"

Dada Mkubwa hakujiandaa kwa hili. Lakini mtu haendi kuposa halafu akamponda wa kwao, na yeye heshima alikuwa nayo. Akaanza kwa yale ya kawaida. Alisema ana adabu. Alisema hana makuu, hana marafiki wabaya, na usiku halali nje, isipokuwa kwamba analala nje. Maneno yalimwishia, na wote wakawa bado wanamtazama, ikambidi achote kwenye ya kweli.

"Mwaka ule mama yetu alipozidiwa," alisema, "barabara ilikuwa tope tupu. Gari la hospitali lilikwama hata kabla ya kufika kwetu. Ni yeye aliyekwenda. Baba aliendesha, mimi nilikaa kwenye tela nimempakata mama. Tulipita mle walimoshindwa wote. Hakuzima hata mara moja. Mama aliongeza miaka, tukazoeana naye tena." Akashika ncha ya khanga. "Na shule niliyosoma mimi, ni shamba alilolima yeye. Sijawahi kumwambia asante. Utamwambiaje asante trekta?"

Taratibu alimtazama dada yake kama mtu aliyefungua kabati la siku zote akakuta lina chumba ndani. Dada Mkubwa naye alishtuka kusikia aliyoyasema, na kama mtu yeyote aliyejikuta amelia ugenini, akakimbilia kwenye majigambo.

"Na nguvu anazo," alimalizia. "Farasi hamsini."

"Hapo ndipo nilipotaka kufika," alisema Mama Maziwa, na uso ukamng'aa. "Maana muuzaji alinipa hesabu yake. Mtoto wetu ana upana wa futi saba. Kila futi inataka farasi watano, na wahesabiwe pale nyuma, kwenye shafti inayomzungusha yeye, si kwenye injini. Njiani wengine hupotea. Saba mara tano, thelathini na tano. Kwa hiyo hamsini wanamtosha, na wengine wanabaki wa akiba. Mimi sina neno tena. Mchukueni."

Karani alishusha pumzi. Dada Mkubwa alijipangusa jicho kwa haraka. Mambo yalikuwa yamekwisha, na kilichobaki kilikuwa ni Taratibu kukaa kimya, kazi ambayo aliiweza kuliko zote.

Lakini alikuwa akitazama dirishani. Bwana harusi alizaliwa na farasi thelathini na tano kwenye injini. Walipofika kwenye shafti, hata enzi za ujana wake, hawakuzidi thelathini. Na hiyo ilikuwa zamani. Tangu hapo wengine walishakufa kimyakimya, mmoja mmoja, bila msiba. Kumfunga mashine ya futi saba na kumpeleka kwenye vijiti vile ni kumwua. Angevuta, maana hajui kukataa. Angevuta mpaka maji yachemke na kichwa cha injini kipasuke, na Chumachuma angekuta kazi yake imeshafanywa nusu. Kwa upande mwingine, akisema ukweli, mashine haitoki bandani, nyasi hazikatwi, na Chumachuma anamchukua akiwa mzima. Kufa kwa namna mbili, na ya kuchagua ni moja. Taratibu aliona bora afe mzima.

"Hana," alisema.

"Hana nini?" aliuliza Mama Maziwa.

"Hana hamsini. Hana hata hao thelathini na tano. Huko nyuma kwenye shafti labda ishirini na tano, siku ambayo hakuna baridi."

Dada Mkubwa alimgeukia polepole. "Unamvua nguo mwenzako mbele ya wakwe?"

"Nyasi zitamvua, Dada. Afadhali mimi."

Karani alitazama chini. Katika miaka yake yote ya ushenga, upande wa mwanamume ulikuwa haujawahi kusema ukweli kabla ya ndoa, na hotuba yake haikuwa na mahali pa kuuweka. Alitoa leso, akaikunja, akairudisha.

Mama Maziwa akacheka, kicheko kidogo cha tumboni kilichotikisa kitambaa cha kochi. "Kwenye kochi hilo wamekaa wanaume wengi tangu nifiwe," alisema. "Kila mmoja alikuja na farasi hamsini. Wewe ndiye wa kwanza kuja na ishirini na tano." Akajifuta macho. "Sasa tufanyeje? Mtoto simrudishi dukani. Na yule wenu siwezi kumwua."

Taratibu alivuta kochi mbele. Mtu akiulizwa anachokipenda, ulimi hufunguka. Alieleza kwamba si lazima mashine ikate futi zote saba kwa mkupuo. Kila mkondo ipitishwe nusu kwenye nyasi na nusu palipokwisha kukatwa, ili visu vibebe mzigo wa futi tatu na nusu tu. Viinuliwe juu kidogo visikwangue chini. Gia iwe ndogo, mafuta yakanyagwe sawasawa, na akianza kuhema asimamishwe apumue. "Itachukua muda mara mbili," alisema. "Lakini mwendo wangu mnaujua."

"Kwa hiyo," aliuliza Dada Mkubwa kwa sauti ya mtu aliyechoka, "wameoana au hawajaoana?"

Hapo Karani alipata tena mahali pa kusimama. "Wameoanishwa," alisema. "Ndiyo zaidi. Wengi huoana bila kuoanishwa." Na Mama Maziwa akapiga kigelegele kimoja kifupi, kwa adabu, asiwashtue majirani.

Kazi ilianza Ijumaa alfajiri. Tusidanganyane, haikuwa ya kupendeza. Trekta lilikwenda mwendo ambao konokono mwenye haraka angeuona ni dharau. Nyasi ziliingia chini ya bati zikiwa vijiti na kutoka zikiwa majani. Kwenye kona ya chini, kwenye maji, zilikuwa nene kama ufagio, na mara mbili injini ilishuka sauti ikawa inanong'ona. Mara zote mbili Taratibu alikanyaga klachi, akamwacha apumue, akamwambia pole, akachukua upana mdogo zaidi. Dada Mkubwa alipita na maji ya rejeta, na bila kuulizwa akasema kwamba wakwe wakiuliza, bwana harusi yuko kazini.

Jumamosi walianza tena. Kufikia saa tisa ng'ombe walikuwa wamesogea kutoka getini hadi uzioni, wanatazama. Kilichobaki kilikuwa kipande kimoja, kirefu, kwenye mpaka wa chini. Kwa futi saba kingekwisha mapema. Kwa tatu na nusu kilihitaji saa mbili, na Chumachuma hakuwa na saa mbili. Lori lake lilikuwa limeshaingia uani, linarudi kinyumenyume, minyororo inalia.

Taratibu alimwona dada yake akitoka mlangoni. Alijua sharti, na alimjua aliyeliweka. Akazima injini. Alishuka, akachomoa ufunguo, akatembea juu ya nyasi zilizokatwa hadi uani, akaunyoosha mbele ya dada yake. Dada Mkubwa hakuupokea.

"Nimekuja," alisema Chumachuma, akikunjua mikono ya shati. "Naona nyasi hazijaisha. Mama, si tulikubaliana? Nyie nishikieni, mimi nifunge mnyororo."

"Umechelewa," alisema Dada Mkubwa.

"Saa yangu inasema nimewahi."

"Umechelewa, baba. Ameoa Alhamisi."

Chumachuma alimtazama Taratibu na mafuta yake usoni. "Hongera," alisema kwa kweli kabisa. "Lakini mimi nimefuata trekta."

"Ndiye huyo ninayekuambia."

Chumachuma alitazama malishoni. Trekta lilikuwa limesimama peke yake kwenye mkondo, na ile mashine nyekundu mgongoni, imetapakaa majani. Alitazama kwa muda mrefu. Alikuwa mtu wa vyuma, na miaka yote hiyo vyuma havikuwa vimempa tatizo la aina hii.

"Mama," alisema kwa upole, "mimi nanunua kwa kilo."

"Na mimi nilikaa kwenye kochi la watu," alisema Dada Mkubwa, na sauti ikaanza kumponyoka, "nikasema ni wetu. Nikasema alivyomfikisha mama hospitali. Nilikuwa sijalisema kwa mtu. Sasa nimelisema, nimelisikia kwa masikio yangu. Nitakwenda kwa Mama Maziwa nimwambie nini? Kwamba mkwe wake nimemuuza kwa kilo?"

Chumachuma alikunja minyororo yake taratibu, kitanzi juu ya kitanzi, akaitupa garini. Alipanda, akawasha, kisha akatoa kichwa dirishani, kama mtu anayetaka kuondoka na jambo likiwa limenyooka.

"Kwa hiyo haliuzwi."

"Hauzwi," Dada Mkubwa alimsahihisha.

Lori lilitoka. Taratibu alikuwa bado ameunyoosha mkono na ufunguo, na machozi yalikuwa yakimtoka bila yeye kuyafanyia lolote. Dada yake alimfunga vidole juu ya ule ufunguo, akamgeuza mabega kuelekea malishoni.

"Nenda," alisema. "Kimebaki kipande, na umemwacha peke yake."